Sheikh Yuko Safarini

Mwalimu Rafiq alikuwa akiruka mtaro wa maji machafu kando ya soko la Bwaise, kanzu kaikusanya kwa mkono mmoja, ndipo mtu mmoja alipomshika bega kwa nyuma.

"Sheikh! Ni wewe kabisa!"

Rafiq akageuka. Aliyemshika alikuwa mwanamume mrefu, suruali imetobolewa na cheche za moto, miwani myeusi ya kuchomelea vyuma inaning'inia shingoni. Rafiq hakumjua, ila hilo halikumshangaza. Ramadhani iliyopita vijana wa msikiti walikuwa wakirekodi darasa zake na kuzitia mtandaoni, na tangu hapo watu wasiomfahamu humsimamisha njiani wakamsalimu kama ndugu.

"Mimi naitwa Okidi," mtu yule akasema, meno yote nje. "Nachomelea mageti hapo juu, kwa Bombo Road. Mimi ni Mkristo, lakini ukweli ni ukweli. Ile dawa yako ya sukari, Mungu akubariki sana. Nimetumia mama yangu mkebe, yuko mbali, Kitgum."

"Dawa gani?"

"Ya unga! Nimemwambia awache vidonge vya hospitali, vile ulisema."

Rafiq alitabasamu, maana alidhani amefananishwa na mtu mwingine. Okidi akaona tabasamu lile akadhani ni unyenyekevu. Akachomoa simu, akagusa mara mbili tatu, akamwonyesha.

Rafiq alijiona mwenyewe. Amekaa juu ya busati la msikiti, nyuma yake lile pazia la kijani lililochanika pembeni. Siku ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa akizungumzia subira. Lakini midomo kwenye simu ilitamka maneno mengine: "Ndugu zangu, mimi nimeteseka na kisukari miaka mingi. Hospitali hawataki upone, wanataka urudi. Leo vidonge nimevitupa, na damu yangu ni safi kama ya mtoto mchanga." Sauti ilikuwa yake. Hata kule kukohoa kidogo kabla ya kusema "ndugu zangu", jambo ambalo mkewe humtania nalo, kulikuwamo. Na yeye hajapata kuugua kisukari hata siku moja.

"Hii," alisema, akakinyooshea kioo kidole. "Hii si mimi."

Lakini simu ya Okidi ilikuwa imeanza kulia mkononi mwake, na mteja upande wa pili alikuwa akigomba kwa sauti kubwa kwamba geti limekuja bila bawaba. Okidi akampungia Rafiq mkono, akadandia bodaboda iliyokuwa ikipita, akapotea katikati ya malori.

Rafiq alibaki amesimama, kanzu imemponyoka, upindo umelowa matope. Mama wa Kitgum! Alimkimbilia yule bodaboda hatua chache, akaona ni upuuzi, akarudi. Halafu akaenda nyumbani mbio mbio, mtu akimsalimu hamwoni.

Mkewe, Taqwa, alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Rafiq alimsimulia akiwa wima. Taqwa aliacha kazi, akachukua simu yake, na hakukawia kuuona ukurasa wenyewe. Jina lake lilikuwa Tiba Safi ya Sheikh Rafiq. Video ile ilikuwa na watazamaji ambao msikiti wao usingewaenea hata wangepandana mabegani. Chini yake watu wamemwaga dua. Jazakallah sheikh. Mama yangu anatembea. Naipataje, niko Juba. Naipataje, niko Goma. Na juu kabisa, nambari ya simu.

"Usipige ukiwa na hasira," Taqwa alisema.

Rafiq alikuwa keshapiga.

"Assalam alaikum," mwanamke akapokea, sauti laini. "Ofisi ya Sheikh Rafiq, tukusaidie nini?"

"Nataka kuzungumza na Sheikh Rafiq."

"Sheikh yuko safarini. Mimi ni msaidizi wake. Una sukari au una presha?"

"Binti, mimi ndiye Rafiq."

Mwanamke akasema kwa upole uleule, kama mtu anayembembeleza mgonjwa wa akili: "Baba, wanaopiga wakisema hivyo ni wengi. Kama hutaki dawa, wapishe wenye shida." Akakata. Rafiq alipopiga tena haikuita. Alikuwa amezuiwa asimpigie Sheikh Rafiq.

Taqwa alibonyeza sehemu ya kulalamika kuhusu ukurasa ule. Likaja jibu papo hapo, lisiloandikwa na mtu, likimshukuru kwa taarifa yake. Akawaandikia jamaa na majirani wafanye kama yeye. Wakati huo Rafiq alikuwa akienda na kurudi baina ya mlango na dirisha, akishika kitasa, akikiachia, akitazama nje kana kwamba wezi wa sura yake wangepita uchochoroni wamebeba mifuko ya unga.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa."

"Nikae vipi? Watu wanatupa dawa zao kwa sababu yangu!"

"Si kwa sababu yako." Taqwa aliiweka simu juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Kisha akauliza polepole, "Rafiq. Katika ukoo wetu, nani ana sukari na ana simu kubwa?"

Rafiq alikuwa keshaanza kutafuta viatu.

Bi Hindu aliishi Mbuya, chini ya kilima, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo marehemu mumewe alimwachia. Alikuwa dada wa baba yake Rafiq. Mama yake Rafiq, Sharifah, alifariki siku aliyomzaa, na ni Bi Hindu aliyemchukua yule mtoto akiwa na kitovu kibichi, akamlea pamoja na wanawe, akamsomesha kwa faida ya vitambaa alivyokuwa akiuza soko kubwa la mjini. Ukoo wao ulifika Uganda zamani na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Kati yao waliokuwa hai hakuna aliyewahi kuiona bahari, lakini Kiswahili chao walikitunza kama vyombo vya kaure, cha nyumbani mbali na cha sokoni mbali.

Njiani Rafiq alimhimiza mwenye bodaboda mpaka yule kijana akaegesha pikipiki na kumuuliza kama anataka wafike au wafe.

Alimkuta shangazi yake uani, amekaa mkekani, kajiegemeza ukutani. Mbele yake palikuwa na jagi kubwa la maji, limebaki robo. Mguu wa kulia ameunyoosha, umefungwa kipande cha kanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Mguu una nini?"

"Kiatu kimenibana, si kitu. Kaa. Nimetumia dawa yako, sasa ni wiki kadhaa." Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeficha zawadi. "Ulidhani sitajua? Nilingoja uniambie mwenyewe, wapi! Nikasema, mwanangu ana haya, anaogopa ndugu wasije wakaomba bure. Nikaagiza kimya kimya, wakaniletea mpaka mlangoni."

Akaonyesha kwa kidevu. Dirishani palikuwa na mkebe wa plastiki, na juu ya mkebe, uso wa Rafiq.

Rafiq alipiga magoti mbele yake. Alimweleza yote: darasa ya subira, kompyuta zinazoweza kuchukua sura ya mtu na sauti yake zikaitamkisha lolote, mwanamke wa kwenye simu. Bi Hindu alimsikiliza kwa makini, akinywa maji. Alipomaliza akamwekea mkono kichwani.

"Nani amekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha, Shangazi. Ni uongo."

"Wenye maduka ya dawa, sivyo? Au wakubwa wa serikali. Wamekuja wakakwambia ukanushe." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Tangu mdogo ulikuwa mwoga, Rafiq. Mbwa akibweka Luzira wewe unalia Mbuya."

"Wallahi si mimi."

"Usiape! Usiape kwa sababu ya hofu." Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Sauti yako nimeisikia kabla hujajua kwamba unayo. Leo wewe ndiye wa kunifundisha ipi ni yako?"

Kadiri Rafiq alivyokana ndivyo shangazi yake alivyozidi kumwamini yule wa kwenye simu. Alitoka akasimama nje ya geti, akatoa simu, akaandika mambo ya kisukari na unga na vidonge, akitumaini kupata maneno ya kumrudishia.

Alichopata kilikuwa gharika. Mmoja anasema mdalasini, mwingine anasema majani machungu, wa tatu anaapa kwamba kisukari ni uongo uliobuniwa ili watu wauziwe vidonge. Daktari mwenye koti jeupe anacheka na mgonjwa anayecheka, na chini yao nambari ya simu. Kila ukurasa ulimwita ndugu, kila ukurasa ulimwambia aharakishe. Alifungua huu akaufunga, akafungua ule, kidole kinateleza kwa jasho. Kwa muda mfupi wa aibu alijikuta akijiuliza, je, kama mdalasini unasaidia kweli?

Aliinua macho. Alijiuliza angemwambia nini mwanafunzi wake wa madrasa aliyekuja na hadithi ya Mtume aliyoisikia barabarani. Hilo alilijua hata usingizini. Angemuuliza umeisikia kwa nani, na huyo kaisikia kwa nani, na je, hao ni watu wakweli, au ni watu wenye faida yao humo. Wanavyuoni wa zamani walipanda ngamia miezi kwenda kumuuliza mtu mmoja neno moja, na wakimkuta anamdanganya mnyama wake kwa kumwonyesha chombo kitupu, waligeuza wakarudi zao.

Akaanza upya, polepole. Safari hii hakusoma maneno kwanza, alitafuta mwenye maneno. Nani kaandika haya? Kurasa nyingi hazikuwa na mtu nyuma yake, zilikuwa na dawa tu. Nyingine zilikuwa na mtu, lakini mtu huyo ndiye muuzaji. Mwishowe alifika kwenye ukurasa wa wizara ya afya, na mwingine wa shirika la afya la dunia, kurasa kavu kama mkate wa jana, hazina ndugu wala haraka. Lakini ziliandikwa na watu wenye anwani, zina tarehe, na huku na kule zilisema neno lilelile bila kumuuzia kitu: vidonge vya kisukari haviachwi bila daktari. Na mahali fulani zikataja kiu isiyokatika, na kidonda cha mguuni.

Rafiq aliyasoma mara mbili. Akalikumbuka jagi.

Alimpigia Daktari Abwola, mama mmoja mwenye zahanati Bugolobi ambako yeye na Taqwa huwapeleka watoto. Akaanza kumweleza habari ya video, na daktari akamkatiza.

"Mwalimu, hayo ya video baadaye. Anakunywa maji sana?"

"Sana."

"Kidonda umekiona?"

"Kimefungwa. Anasema ni kiatu."

"Huenda yeye mwenyewe hasikii maumivu, ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Usibishane naye nani ni Rafiq na nani si Rafiq. Mlete leo. Si kesho, leo."

Aliporudi uani alimkuta Bi Hindu naye ameshika simu, miwani puani, uso kaukaza kama zamani sokoni, mteja anapodai kwamba kitambaa kimepungua.

"Nimefikiri," akasema. "Wewe unasema kuna mtu mwingine. Haya. Nitampigia huyo mtu, na itakayolia ni simu yako hiyo mfukoni. Halafu utaniomba radhi."

"Piga, Shangazi."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Simu ikaita. Bi Hindu akatazama mfuko wa kanzu ya Rafiq. Mfuko ulikuwa kimya.

"Assalam alaikum, ofisi ya Sheikh Rafiq, tukusaidie nini?"

"Waalaikum salaam. Mpe Sheikh."

"Sheikh yuko safarini, mama. Una sukari au..."

"Sikiliza, binti. Nataka mikebe ya ukoo mzima, mpaka walioko Jinja. Lakini sitoi hata shilingi mpaka nimsikie Sheikh kwa masikio yangu."

Upande wa pili wakanong'onezana. Kisha akaja mwanamume, akakohoa kidogo. "Ndugu yangu, mama yangu, mimi ndiye Sheikh Rafiq. Sema shida yako."

Haikuwa ile sauti ya kwenye video. Ilikuwa ya mtu anayeiiga, na simu mbovu ilimsaidia. Bi Hindu hakuonekana kuitilia shaka. Alimkodolea macho Rafiq, akiitazama midomo yake, na midomo ya Rafiq ilikuwa imefumbwa. Lakini Bi Hindu maisha yake yote alikuwa mfanyabiashara, na sauti haikumsaliti.

"Alhamdulillahi, mwanangu, nimefurahi. Nilikuona ukiwa mdogo. Hebu niambie, mamako hajambo?"

"Hajambo kabisa, mama! Anakusalimu. Hata yeye anatumia dawa hii hii, sasa anaruka kama msichana."

Mahali fulani nyuma ya ukuta jirani alikuwa akipiga zulia.

"Mama? Uko hapo? Mikebe mingapi?"

Bi Hindu aliilaza simu mkekani kifudifudi, taratibu, kwa mikono miwili. Sauti iliendelea kuuliza mikebe mingapi, ikafifia, ikakata.

"Sharifah nimemwosha mimi," akasema. "Kwa mikono hii. Na wewe unalia chumba cha pili."

Rafiq alimshika ile mikono. Ilikuwa mikavu na ya moto. Shangazi yake hakulia. Alikuwa akitazama mkebe dirishani, ule uso uliobandikwa, akiulinganisha na ule uliokuwa mbele yake, na fedheha ikampanda mpaka masikioni.

"Nimekula uongo kwa kijiko, asubuhi na jioni," alisema. "Mimi. Hindu."

"Shangazi, twende kwa daktari."

"Ngoja." Akainama, akaanza kuifungua kanga mguuni. Ilikuwa imeganda, ikabidi ailoweshe kwa maji ya jagi. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi, na harufu ilimfanya Rafiq ageuze uso kabla hajajizuia. "Sisikii kitu," Bi Hindu alisema kwa mshangao, kama anayezungumzia mguu wa mtu mwingine. "Rafiq, mbona sisikii kitu?"

Alimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Daktari Abwola alimchoma ncha ya kidole, akaitazama mashine, akapima tena kwa mashine nyingine, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, akapanda gari pamoja nao. Akiwa njiani hakuwasema vibaya. Alimuuliza Bi Hindu tu kama ule mkebe wameuchukua, ili wajue kilichomo, na Bi Hindu akajibu kwamba ameukanyaga kwa mguu mzima.

Usaha ulikuwa umeshaingia ndani. Walikata kile kidole, na kwa muda hawakujua kama ataokoa kingine, au mguu. Taqwa alikuja na chakula, akashika zamu kando ya kitanda. Rafiq hakuweza kukaa. Alizunguka kwenye ukumbi mpaka mlinzi akamwomba aondoke kwenye njia ya machela, na mwishowe Taqwa akamtazama akasema, "Wewe una mtu mwingine kichwani."

"Mama wa Kitgum."

"Basi nenda."

Barabara ya Bombo ina wachomeleaji wengi kuliko alivyojua. Alipita karakana moja baada ya nyingine, akimulikwa na mwanga mkali, akiuliza Okidi, Okidi mrefu, Okidi wa mageti. Kwingine walimtazama, wakamtambua, wakaanza kumwomba dawa, ikabidi asimame awaeleze na kukana upya. Aliyempata mwishowe alikuwa ameinama juu ya fremu ya dirisha. Okidi alivua miwani, akafurahi, na Rafiq akamwambia pale pale bila salamu.

Furaha ilimtoka Okidi usoni.

"Wewe unasema nini? Nimekuona na macho yangu."

"Ulichokiona kimetengenezwa. Shangazi yangu mwenyewe yuko hospitali sasa hivi, amekatwa kidole. Mpigie mama."

"Mmegombana na wenzako kwa pesa, ndiyo sasa unawakana!" Okidi alikuwa amemkamata kanzu kifuani, na mafundi wengine wakazima mashine zao wakasogea. "Nimetuma sumu kwa mama yangu sababu ya uso wako!"

"Mpigie kwanza," Rafiq alisema. "Halafu nipige mimi."

Okidi alipiga huku bado kamshika. Alizungumza Kiacholi, haraka haraka, sauti ikipanda. Mwanamke mzee alijibu kwa kirefu, hana haraka yoyote. Okidi akauliza tena. Akajibiwa tena, kwa ukali kidogo. Mkono ukalegea kwenye kanzu.

"Anasema ilikuwa inanuka panya," akasema. "Ameweka juu ya kabati. Hajaonja. Vidonge anakunywa kama kawaida. Anasema hakuniambia, ili nisisikie vibaya."

Alikaa juu ya fremu aliyokuwa akiitengeneza, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi. Rafiq naye alikaa kando yake.

Ijumaa iliyofuata Daktari Abwola alikuja msikitini, akakaa kwenye kiti mlangoni mwa ukumbi wa madrasa, na Rafiq akakaa kando yake mbele ya lile pazia lililochanika. Vijana wakarekodi. Rafiq alisema jina lake, jina la baba yake na mahali anapofundisha. Alisema hana kisukari, hauzi unga, na aliyeacha vidonge kwa ajili yake avirudie leo na aende hospitali. Daktari alieleza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akichanganya Kiganda, na watu wakamwelewa vizuri kuliko wanavyomwelewa Rafiq.

Video ile ilisambaa kidogo tu. Wengine waliandika kwamba wameelewa. Wengine waliandika kwamba amehongwa na wenye maduka ya dawa. Mmoja akaandika, kwa uhakika wote, kwamba hii ndiyo ya kutengenezwa, tazameni midomo. Ukurasa wa Tiba Safi uliondolewa baada ya watu wengi kuulalamikia, na Rafiq akalala usingizi wa kwanza tangu siku ya mtaro. Haukupita muda Taqwa akamwonyesha mkebe uleule, unga uleule, na uso mpya, mama mmoja mnene mwenye koti jeupe, ambaye huenda mahali fulani duniani naye alikuwa akienda na kurudi baina ya mlango na dirisha.

Bi Hindu alirudi Mbuya na mguu wake, umepungua vidole viwili. Vidonge huvimeza mbele ya mtu, apende asipende, kwa sharti lake mwenyewe. Simu hakuiacha. Wajukuu walitaka kuificha akawafokea. Mtu akimtumia kitu sasa humpigia papo hapo akamhoji: umekipata wapi, huyo aliyekutumia kakipata wapi, na yule wa mwanzo anauza nini? Shoga zake wawili wamenuna, hawamtumii tena hata salamu za Ijumaa.

Kwa Rafiq ilikuwa kinyume. Watu walianza kumletea. Baada ya swala walimzunguka na simu zao, mmoja ana habari ya maji ya ndimu na figo, mwingine ana chanjo, mwingine ana picha ya mbegu asizozijua mtu. Maisha yake yote aliulizwa akajibu. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Sasa kila jibu lililomjia mdomoni lilimtia wasiwasi, akilitazama kwanza kama mtu anayekagua noti chini ya mwanga.

Alasiri moja Siraje, fundi viatu wa pale pale Bwaise, alimngoja nje mpaka wengine wakaondoka. Mkewe alikuwa mjamzito, presha imepanda, na dada yake kawatumia video ya mganga anayesema vidonge vya presha huharibu mtoto. Mke amekataa kuvimeza tangu jana.

"Ni kweli, Mwalimu?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe sema tu. Ukisema, mimi nafuata."

Rafiq akatia mkono mfukoni mwa kanzu.

"Sijui, Siraje," alisema. Fundi viatu alishtuka kana kwamba amepigwa kofi. Rafiq alikuwa keshatoa simu, anatafuta nambari ya Daktari Abwola, na kwa mkono mwingine amemshika Siraje kiwiko, anamvuta kuelekea barabarani. "Sijui. Mke wako yuko wapi sasa hivi? Yuko nyumbani? Twende, twende, tutaongea na daktari tukiwa njiani."